Shimo la machinjio liko mita 120 kutoka kisimani: tuweke kanuni gani?

SWALI: Kijiji chetu kiko mkoani Dodoma. Tunakunywa maji ya kisima kirefu cha mita 80 kinachosukumwa kwa umeme wa jua, na baadhi ya kaya bado zinatumia visima vya kuchimba kwa mkono. Machinjio yako mita 120 kutoka kisima kikubwa, upande wa juu wa mteremko. Kwa siku wanachinja ng'ombe 8 na mbuzi 20. Damu na maji ya kuoshea vyote vinaingia kwenye shimo la kunyonya lenye kina cha mita 4. Jirani yake kuna banda la nguruwe 50 na mazizi kadhaa ya ng'ombe. Mwenye mkataba wa machinjio anasema ardhi huchuja uchafu, na kwamba mita 60 za sheria amezipita mara mbili. Jumuiya yetu ya watumia maji inataka sheria ndogo. Tuandike nini, na tuanzie wapi? (Mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji)

JIBU:

Ndugu Mwenyekiti, tuanze na hilo la "ardhi huchuja", maana hoja yote ya mwenye mkataba imesimama hapo.

Ni kweli kwa sehemu. Udongo wa juu, ule wenye mizizi na vijidudu, hunasa chembe za uchafu, huua bakteria wengi, na mimea yake hula sehemu ya naitrojeni. Lakini shimo la mita 4 limeuruka udongo huo wote. Linamwaga uchafu chini ya mahali ambapo kazi ya kuchuja hufanyika. Tena kuna kitu ambacho hata udongo mzuri hauchuji, nacho ni naitreti, yaani umbo ambalo naitrojeni ya uchafu hugeuka kuwa nalo inapooza ardhini. Naitreti huyeyuka kama chumvi kwenye mchuzi. Maji yanapokwenda, nayo inakwenda, na ikishafika kwenye mwamba wenye maji hukaa miaka mingi.

Hebu tupige hesabu ya damu peke yake. Ng'ombe wa asili wa kilo 250 hutoa damu ya lita 8 hadi 10. Kila lita ina naitrojeni ya gramu 30 hivi, kwa sababu karibu sehemu moja ya tano ya damu ni protini. Ng'ombe mmoja basi ni gramu 300, na zikigeuka zote kuwa naitreti zinafika kilo 1.3. Kiwango cha juu cha naitreti kwenye maji ya kunywa Afrika Mashariki ni miligramu 45 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema 50. Kilo 1.3 zinatosha kulifikisha ukomoni tangi la lita 29,000 lililokuwa safi kabisa. Sehemu moja hupotea hewani kama gesi, sawa, lakini hata nusu ikipotea, huyo ni ng'ombe mmoja.

Kwa ng'ombe 8 na mbuzi 20 mnapata kama lita 100 za damu kwa siku, yaani kilo 3 za naitrojeni. Kwa siku 300 za kuchinja, kilo 900 zinapitia tundu moja. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la naitreti la mwaka 1991, unamruhusu mfugaji kumwaga kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta nzima kwa mwaka, na kwenye ardhi yenye mazao ya kuila. Ninyi mnamwaga mara tano ya hiyo mahali penye ukubwa wa chumba cha kulala, bila mmea hata mmoja.

Sasa hizo mita 60. Zinatoka kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na zinahusu fukwe za bahari na maziwa, kingo za mito na mabwawa. Hazikukokotolewa kwa ajili ya shimo linalonyonya juu ya mwamba wenye maji. Umbali wa kisima unategemea jambo jingine kabisa: maji yanachukua siku ngapi kufika.

Nchi nyingi hutumia siku 50 kama muda wa chini wa kuruhusu bakteria wa kinyesi kufa wakiwa njiani. Mnaweza kukadiria wenyewe. Chukueni kiasi mnachosukuma kwa siku, mzidishe kwa 50, mgawanye kwa unene wa tabaka lenye maji, kisha mgawanye tena kwa sehemu ya mwamba iliyo wazi kupitisha maji. Jibu ni eneo la duara kuzunguka kisima. Mfano: mnasukuma mita za ujazo 40 kwa siku na tabaka lina unene wa mita 10. Kwenye mchanga, ambako nafasi zilizo wazi ni asilimia 20 hivi, mnapata mita za mraba 1,000, yaani nusu kipenyo cha mita 18. Lakini sehemu kubwa ya Dodoma ni mwamba wa graniti uliopasuka. Huko maji hupita kwenye nyufa tu, na nafasi hizo zinaweza kuwa asilimia 1. Hesabu ileile inatoa mita za mraba 20,000, na nusu kipenyo kinaruka hadi mita 80. Na hapo ni kwenye ardhi tambarare. Penye mteremko, duara hurefuka kuelekea juu, yaani kuelekea machinjio yenu. Kwa hiyo mita 120 zinaonekana nyingi kwenye futi kamba, ila kwenye mwamba uliopasuka si ngao. Chukueni taarifa ya uchimbaji wa kisima (mchimbaji hupaswa kuiacha, na RUWASA, wakala wa maji vijijini, wanaweza kuwa na nakala) muone maji yalipatikana kwenye tabaka gani.

Mji mdogo wa Walkerton, Ontario nchini Kanada, ulijifunza hili Mei 2000. Mvua kubwa ilisukuma samadi ya ng'ombe kutoka shamba la jirani hadi kwenye kisima kifupi kilichochimbwa kwenye mwamba wenye nyufa. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,300 waliugua. Uchunguzi ulionyesha kuwa mfugaji yule alifuata taratibu zote za samadi zilizokuwapo. Tatizo lilikuwa mahali pa kisima, na usimamizi mbovu wa dawa ya klorini. Ndiyo maana Ontario ilitunga sheria ya kulinda vyanzo mwaka 2006: kila kisima cha umma kikachorewa eneo lake, na shughuli zote ndani ya eneo hilo zikaorodheshwa.

Pimeni kabla ya kuandika

Msitunge kanuni kwa hasira. Mwenye mkataba atauliza ushahidi uko wapi, na atakuwa na haki ya kuuliza. Chukueni sampuli sehemu tatu: kisima kikubwa, kisima kimoja cha mkono kilicho chini ya machinjio, na kimoja kilicho juu yake, mbali na mifugo. Hicho cha juu ndicho kipimo cha kulinganishia. Bila hicho mtaambiwa chumvi ni ya asili, na Dodoma kuna maji mengi yenye chumvi ya asili kweli. Ombeni vipimo vya naitreti, amonia, kloridi, mpitisho wa umeme (unaoonyesha wingi wa chumvi) na E. coli (bakteria wa kinyesi). Kloridi na naitreti zikiwa juu kwa pamoja chini ya machinjio, huku kisima cha juu kikiwa safi, hapo mna hoja.

Uchukuaji wa sampuli huharibiwa na mambo madogo. Sukumeni maji dakika 10 hadi 15 kwanza, ili msichukue yaliyolala kwenye bomba. Chomeni mdomo wa bomba la chuma kwa moto kabla ya kujaza chupa ya bakteria, na msiguse ndani ya kifuniko. Wekeni chupa kwenye boksi lenye barafu, zifike maabara ndani ya saa 6. Zikipita saa 24, matokeo ya bakteria hayana thamani. Pimeni mara mbili: mwisho wa mvua, Aprili au Mei, maji ya ardhini yanapokuwa juu, na tena Oktoba.

Halafu someni cheti kwa makini. Maabara nyingine huandika naitreti yenyewe, nyingine huandika naitrojeni iliyo ndani ya naitreti. Ikiwa imeandikwa NO3-N, zidisheni kwa 4.43. Cheti kinachosema 12 kwa namna hiyo kinaonekana kiko salama chini ya 45, kumbe maji yenu yako 53. Kosa hili limewafanya watu wengi walale usingizi wasiostahili.

Siku hiyohiyo kagueni kisima chenyewe. Je, sakafu ya zege inayokizunguka imepasuka? Nafasi kati ya kesingi (bomba la nje linaloshikilia kisima) na ukuta wa shimo ilizibwa kwa saruji au udongo maalumu wa kuzibia angalau mita 6 za juu, au ilijazwa kokoto tupu? Na mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo, iko wapi? Naomba mliangalie hili bila kuoneana aibu, maana katika vijiji vingi mifugo hunyweshwa mita chache kutoka kwenye pampu. Mamia ya ng'ombe husimama hapo kila siku wakikojoa na kunya kwenye udongo uliolowa. Kama mbauti yenu iko hivyo, ihamisheni kwa bomba angalau mita 50, upande wa chini wa mteremko, kabla ya kumnyooshea mtu mwingine kidole.

Damu isiingie mferejini

Kanuni nyingi za machinjio huandikwa mwishoni mwa bomba: "majitaka yasizidi kiwango fulani." Tanzania ina viwango hivyo tangu 2007: majitaka yanayoachiwa kwenye mazingira yasizidi BOD (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu) ya miligramu 30 na COD (oksijeni ya kuunguza uchafu wote kwa kemikali) ya 60 kwa lita. Ni viwango vizuri. Lakini damu mbichi ina BOD ya 150,000 na zaidi. Lita moja ya damu inahitaji lita 5,000 za maji ili ishuke hadi 30. Hakuna karo litakalowaokoa kama damu imeshachanganyika na maji. Sheria yenu ndogo ishike mahali kisu kinapopita.

Sakafu ya kuchinjia iwe na mifereji miwili, au mmoja wenye matundu mawili na kizibo. Wakati wa kuchinja, tundu la maji limezibwa na damu inakwenda kwenye pipa. Ng'ombe aachwe avuje damu dakika 6 hivi. Kisha sakafu ikokotwe kavu kwa kifutio cha mpira kuelekea kwenye pipa, na ndipo kizibo kitolewe na mpira wa maji uguswe. Mpangilio huo ndio wenye thamani. Unapovunjika, huvunjika kwa sababu zilezile: kazi inafanyika usiku bila taa ya kutosha, wachinjaji wanalipwa kwa kichwa cha mnyama hivyo wanakimbizana, na pipa limejaa halijamwagwa. Damu huganda ndani ya dakika chache, na ikigandia mferejini mtu atachukua mpira wa maji tu. Kwa hiyo taa na pipa la akiba ni sehemu ya ulinzi wa maji ya ardhini, na viandikwe kwenye kanuni.

Damu iliyokusanywa ichemshwe kwenye pipa lililokatwa hadi igande yote iwe kama makombo, ichujwe kwa gunia, ianikwe juani. Lita 100 hutoa unga wa kilo 18 hadi 20, mbolea yenye nguvu kwa bustani. Wapo wanaoichanganya kwenye chakula cha kuku. Wafugaji wengi Waislamu hawataitaka kwa matumizi hayo, na wasilazimishwe, soko la mbolea linatosha. Msiwape ng'ombe, mbuzi wala kondoo. Maji yaliyobaki kwenye chujio yapelekwe kwenye lundo la mboji, yasirudishwe mferejini.

Kuna watakaosema damu iingie kwenye mboji moja kwa moja. Inawezekana, ila kwa kila lita ya damu mnahitaji kilo 3 hivi za mabua makavu yaliyokatwakatwa. Mkipunguza, naitrojeni ya ziada itatoka kama harufu kali ya amonia juu na kama maji meusi chini. Kwa lita 100 ni kilo 300 za mabua kila siku. Kwenye machinjio ya ng'ombe mmoja au wawili njia hii ni nzuri, kwenu itawalemea ndani ya wiki mbili.

Na mtambo wa gesi ya samadi? Ni kitu kizuri kwa mavi ya tumboni, na gesi inaweza kuchemshia hiyo damu. Lakini gesi inayotoka ni ya kaboni, naitrojeni yote inabaki kwenye tope linalotoka upande wa pili. Aliyejenga mtambo na kuacha tope litiririke hajalinda kisima hata kidogo. Damu nyingi ikiingia mtamboni, amonia hulemaza vijidudu na gesi hukoma.

Matumbo yafunguliwe makavu. Ng'ombe mmoja ana kilo 30 hadi 40 za majani yaliyosagika tumboni; yamwagwe kwenye toroli, yasisukumwe kwa maji. Kwenu ni kama kilo 280 kwa siku, mbali na mbuzi. Yapelekwe kwenye sakafu ya zege yenye kingo za sentimita 10 na paa juu yake. Lundo la urefu wa mita 1 hadi 1.5 lipate joto la nyuzi 55 kwa siku kadhaa na lipinduliwe kila wiki. Asiye na kipimajoto achomeke nondo katikati kwa dakika 10. Ikitoka haishikiki, lundo linafanya kazi. Likiwa la baridi na linanuka limelowa mno, ongezeni makavu. Paa si pambo. Lundo lisiloezekwa, mvua ya Januari hulichuja kama chai na kupeleka rangi yote ardhini.

Yanabaki maji ya kuoshea. Mkitumia lita 300 kwa ng'ombe na 40 kwa mbuzi, ni mita za ujazo 3 kwa siku hivi. Yapite kwenye wavu wa chuma, kisha chemba ya kunasa mafuta, kisha karo la zege lenye vyumba viwili na mita za ujazo 9: sita za kutuliza maji siku mbili, tatu za tope. Mpaka hapo hakuna ubishi. Ubishi ni yaende wapi baadaye, na hapa ndipo shimo la kunyonya hujipenyeza tena kwa jina la "hatua ya mwisho".

Wazo la kwanza la wengi ni bwawa la kukaushia kwa jua, maana Dodoma jua ni la bure. Tazameni hesabu yake. Kukausha mita za ujazo 1,000 kwa mwaka, baada ya kutoa mvua inayoingia, kunahitaji kama mita za mraba 1,000 za bwawa. Bwawa hilo likivuja milimita 2 tu kwa siku, kiasi ambacho jicho halioni, linapoteza lita 2,000 ardhini kila siku, theluthi mbili ya maji yote yaliyoingia. Bwawa litaonekana linakausha vizuri ajabu, kumbe linanyonya. Udongo wa mbuga ukishindiliwa katika matabaka huzuia maji vizuri ukiwa umelowa, ila bwawa linalokauka msimu wa kiangazi hupasuka kama mbuga yenyewe inavyopasuka Septemba. Mkichagua bwawa, litandikwe plastiki ngumu ya mabwawa.

Kwa mahali penu ningechagua kumwagilia majani ya tembo. Maji yaliyopita karoni bila damu yana naitrojeni ya miligramu 150 hivi kwa lita, kwa hiyo mwaka mzima mnapata kilo 150 hadi 165. Hekta moja, ekari 2 na nusu, inazila, mradi mvune majani na kuyaondoa. Shamba liwe chini ya kisima kwa mteremko. Wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, msimwagilie. Wekeni akiba ya mita za ujazo 600 iliyotandikwa plastiki, ili ibebe miezi mitano pamoja na mvua inayoiangukia, na ibaki sentimita 50 za ukingo mkavu juu.

Bwawa lolote lipimwe kwa ndoo. Tumbukizeni ndoo ndani ya bwawa ikae wima, jazeni maji usawa uleule wa nje, wekeni alama zote mbili, mrudi baada ya siku mbili bila mvua na bila kuingiza maji. Jua linakausha ndoo na bwawa sawasawa. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, tofauti hiyo imekwenda ardhini.

Nguruwe na mazizi

Nguruwe 50 hutoa kwa mwaka naitrojeni ya kilo 400 hadi 500, karibu nusu ya damu ya machinjio, kwa hiyo banda hilo si la kuachwa. Sakafu iwe ya zege, kinyesi kizolewe kwa koleo kabla ya kuosha, na maji yakusanywe kwenye tangi lisilovuja linalotosha miezi mitatu. Mazizi ya ng'ombe yana tatizo la aina nyingine. Sakafu yake iliyoshindiliwa na kwato huzuia maji kiasi wakati ng'ombe wapo. Zizi linapohamwa, samadi ya miaka mingi hulegea, mvua ya kwanza inaiyeyusha, na naitreti hushuka kwa mkupuo. Agizeni zizi linaloachwa likombwe hadi udongo mgumu ndani ya siku 30. Yanayotumika yakombwe kila mwaka kabla ya Novemba. Shambani, tani 5 za samadi kavu ya ng'ombe kwa ekari zinatosha. Ya kuku isizidi tani 2, kwa kuwa ni kali zaidi.

Kama kuna josho, maji yake ya dawa hayamwagwi kwenye korongo wala shimoni. Na nyama iliyokataliwa na mkaguzi iwe na shimo lake lenye kuta na mfuniko wa kufungwa, mbali na eneo la kisima. Mzoga unaoshukiwa kimeta usifunguliwe kabisa. Mwiteni daktari wa mifugo.

Sheria ndogo yenyewe

Jumuiya yenu haitungi sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayotunga baada ya kuipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na inapata nguvu ikiidhinishwa na baraza la madiwani la wilaya. Kazi yenu ni kuandika rasimu na kuleta vipimo. Ipitisheni kwenye kata mapema ili diwani aje barazani akiijua.

Hapo pana jambo la kulisema wazi. Machinjio mengi ni mali ya halmashauri ya wilaya, na ushuru wake ni mapato yake. Anayeidhinisha kanuni ndiye anayekula ushuru. Si kwamba watu wana nia mbaya, bali mkaguzi hawezi kujifungia mwenyewe mlango. Kwa hiyo shikeni mkono wa pili ulio nje ya halmashauri. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde kwa anayetiririsha majitaka kwenye chanzo cha maji, pamoja na maji ya ardhini. Mkiwa upande wa Bahi bonde lenu ni Bonde la Kati. Upande wa Makutupora, penye visima vinavyoinywesha Dodoma mjini, ni Bonde la Wami/Ruvu. Andikeni barua kwa bodi, mkiambatisha vyeti vya maabara na ramani ya mkono, muulize swali moja: machinjio haya yana kibali cha kutiririsha majitaka, na kina masharti gani? Nakala ipelekwe NEMC, taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, kwa kuwa machinjio yaliyopo yanapaswa kuwa na ukaguzi wa mazingira.

Kwenye rasimu, kila kifungu kiwe kitu ambacho mtendaji wa kijiji anaweza kukihakiki kwa macho, ndoo au futi kamba. "Uchafu utunzwe vizuri" haikaguliki. Lugha ya namna hii inakaguliwa:

1. Ndani ya mita 30 kutoka kisima cha umma, penye uzio, hakuna mifugo, samadi, choo wala mbauti.

2. Ndani ya mita 300 upande wa juu wa mteremko na mita 150 pande nyingine, ni marufuku shimo lolote la kunyonya linalopokea damu, mkojo au kinyesi cha mifugo. Matangi yote yawe yasiyovuja na yapimwe kwa ndoo kila mwaka mbele ya mjumbe wa jumuiya.

3. Machinjio yaandike kila siku idadi ya wanyama na lita za damu zilizokusanywa. Wastani wa wiki ukishuka chini ya lita 6 kwa ng'ombe, uchinjaji usimame hadi sababu ipatikane.

4. Kichungulio cha maji (kisima chembamba cha kupimia tu) kichimbwe kati ya machinjio na kisima, kipimwe Mei na Oktoba. Naitreti ikifika 25, mwenye machinjio alete mpango wa marekebisho ndani ya siku 30. Ikifika 45, uchinjaji unahamishwa.

5. Ada ya mazingira ya Sh 1,000 kwa ng'ombe na Sh 200 kwa mbuzi iingie akaunti ya jumuiya ya maji, itumike kwa vipimo na kuondoa tope tu.

Mita 300 hizo ni za kuanzia, zirekebishwe mkishapata taarifa ya mwamba wenu. Kifungu cha tatu ndicho ningekitetea hadi mwisho mkilazimika kuacha vingine. Lita 6 ni chini ya kile ng'ombe anachotoa, kwa hiyo anayefanya kazi vizuri haguswi, na anayesukuma damu mferejini atajulikana kwenye daftari kabla kisima hakijasema. Linganisheni daftari hilo na stakabadhi za ushuru, idadi za wanyama lazima zilingane. Ada ya kifungu cha tano, kwa siku 300, inafika Sh milioni 3.6. Msikubali iingie mfuko mkuu.

Mkipata vyeti na naitreti ikawa juu ya 45, wajulisheni siku hiyohiyo wenye watoto wachanga, hasa wa chini ya miezi 6 wanaokorogewa maziwa ya kopo. Naitreti huizuia damu ya mtoto kubeba oksijeni, akabadilika rangi midomoni na kuchani. Kuchemsha hakusaidii, kunazidisha, kwa kuwa maji hupungua na naitreti inabaki. Klorini nayo huua vijidudu tu. Watoto hao watafutiwe maji ya chanzo kingine.

Shimo la sasa msilifukie juujuu mkaliacha. Linaendelea kutoa naitreti miaka baada ya kufungwa. Subirini Oktoba, maji yakiwa chini. Toeni tope lote, chimbeni tena nusu mita ya udongo mweusi wa chini na pembeni, mtawanye shambani kwa tani 5 kwa ekari kama samadi, kisha jazeni kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa kila sentimita 20, mpandishe kichuguu kidogo juu ili mvua imwagike pembeni.